Camogli, Mji wa Wake Waliongoja

Katika pwani ya kaskazini ya Italia, kilometa zipatazo 20 mashariki ya bandari kubwa ya Genova, upo mji mdogo uitwao Camogli. Wakazi wake ni elfu tano hivi tu. Nyuma ya mji kuna mlima wenye misitu na mizeituni, mbele yake kuna bahari, na kati ya mlima na bahari nafasi ni ndogo mno. Kwa hiyo watu wa huko, walipokosa mahali pa kutandaza nyumba zao, walizijenga kwenda juu: ghorofa tano, sita, hata zaidi, zikisimama bega kwa bega kando ya maji kama watu waliojipanga ufukoni wakingoja chombo.

Nyumba hizo zimepakwa rangi za kila namna: nyekundu ya udongo, manjano, waridi, kijani. Ukizitazama toka mbali waona madirisha mengi yenye nakshi na nguzo za mawe. Ukikaribia, kumbe! Mengine si madirisha hata kidogo, ni picha tu zilizochorwa ukutani na fundi hodari, kivuli chake na mapambo yake vyote vya rangi. Wenyeji husema ya kuwa rangi hizo zilikuwa na kazi yake. Baharia aliyekuwa safarini miezi mingi aliweza kuitambua nyumba yake angali mbali baharini, na moyo wake ukatulia kabla mguu wake haujakanyaga nchi kavu.

Na jina la mji? Wengi husema kuwa latokana na maneno yenye maana ya "nyumba ya wake". Wataalamu wa lugha wana maelezo mengine, lakini watu wa Camogli hawaliachi neno lao, maana historia yao yalishuhudia. Katika karne ya 19 mji huu mdogo ulikuwa na merikebu za tanga nyingi ajabu, hata ukaitwa mji wa merikebu elfu nyeupe. Merikebu hizo zilichukua nafaka toka Bahari Nyeusi, zilikodiwa na Wafaransa walipokwenda Algeria mwaka 1830, na zikapeleka shehena wakati wa vita vya Krimea, miaka ya 1853 hadi 1856. Wanaume walikwenda, wake, wazee na watoto walibaki. Basi mtu aliyefika mjini siku ya kazi aliona wanawake kila mahali, na aliyetaka kujua mabwana wako wapi alionyeshwa bahari kwa kidole.

WAWILI KATIKA CHOMBO KIMOJA

Merikebu za mvuke zilipokuja, tanga za Camogli zilikunjwa moja baada ya nyingine. Siku hizi wageni wafikao huko kwa tanga si mabaharia wa shehena. Wengi ni watu wa makamo, mume na mke, waliokwisha kulea watoto wao na kustaafu kazi, wakanunua chombo cha meta kumi hivi, na sasa wasafiri polepole pwani kwa pwani. Tuwachukue wawili wa namna hiyo, Wafaransa, tuwafuate siku tano mwanzoni mwa Agosti, tuone mji huu wawapokeaje.

Msomaji asidhani safari yao ni raha tupu. Chombo cha watu wawili hakina mabaharia wa kuagizwa. Mmoja akishika usukani, mwingine hana budi kuwa omoni, yaani mbele ya chombo, tayari kwa kamba na nanga. Mmoja akilala, mwingine hukesha. Tanga likipasuka, hushona wenyewe. Tena hakuna mahali pa kwenda kununa: chumba ni kimoja, jiko ni moja, na bahari imewazunguka pande zote. Watu wasiojua kusemezana hawafiki mbali kwa chombo kama hicho.

Jumamosi jioni wafika mbele ya Camogli. Wateremsha tanga, mume yuko kwenye usukani, mke yuko omoni. Bandari yenyewe ni ndogo sana, imejaa mashua za wavuvi, na nafasi za wageni ni chache. Kwa hiyo watia nanga nje, mahali panaporuhusiwa penye mchanga. Mzee mmoja mvuvi apita na mashua yake, apunguza mwendo, na kuwatazama jinsi nanga yao ilivyoshika.

"Hapo mwaweza kulala salama, bwana, hali ikiwa kama leo," asema. "Lakini, mama, ukiona mawimbi marefu yaja toka kusini-magharibi, hata kama hakuna upepo, msingoje. Ondokeni."

Upepo wa kusini-magharibi Waitalia huuita libeccio. Camogli imeuelekezea uso wake wazi, na hakuna kisiwa wala rasi ya kuukinga upande huo. Wageni hao wamshukuru mzee, waingia katika kimashua chao kidogo, na kupiga makasia hadi pwani.

NYOTA YA BAHARI

Wamefika kwa wakati mzuri, maana Jumapili ya kwanza ya Agosti ndiyo sikukuu ya Stella Maris, yaani Bikira Maria Nyota ya Bahari. Asubuhi mashua, ngalawa za injini na vyombo vya tanga hujipanga kwa maandamano, vyote vimepambwa kwa bendera, na kwenda hadi Punta Chiappa, ulimi wa mwamba uingiao baharini kusini ya mji. Hapo juu ya mwamba ipo altare yenye picha ya Nyota ya Bahari iliyotengenezwa kwa vijiwe vya rangi. Misa husomwa, vyombo hubarikiwa, na hao wanandoa wetu wasimama katika kimashua chao kati ya wavuvi, hawajui nusu ya maneno ya Kiitalia, lakini Misa waijua.

Jambo kubwa zaidi ni la usiku. Giza liingiapo, watu hushuka ufukoni na mishumaa midogo iliyowekwa ndani ya vikombe vyepesi, huiwasha na kuiachia juu ya maji. Si kumi wala mia, ni maelfu. Mawimbi huichukua polepole, ghuba nzima ikang'aa kana kwamba nyota zimeshuka kuogelea. Hapo kelele hupungua. Katika mji uliozoea kupeleka watu baharini, taa juu ya maji si mchezo wa watoto. Kila nyumba ya zamani ina mtu wa kumkumbuka.

PICHA ZA SHUKRANI

Jumatatu wapanda hadi patakatifu pa Mama Yetu wa Boschetto. Mapokeo ya mji yasema kuwa mwaka 1518 Bikira Maria alimtokea hapo msichana mdogo jina lake Angela Schiaffino. Kanisa lilijengwa, na mabaharia wakalifanya mahali pao pa kuweka nadhiri na kutoa shukrani.

Mgeni aingiaye hapo huona picha nyingi za merikebu katika hatari. Hii imevunjika mlingoti, ile tanga zake zimeraruka, nyingine imelala ubavu mmoja katika mawimbi meusi. Na juu, pembeni ya picha, wingu limefunguka na Mama yuko ndani yake na Mtoto. Picha hizo zililetwa na watu waliookoka, kama deni lililolipwa. Wachoraji wengine hawakuwa mabingwa wa sura za watu, lakini kamba za merikebu wamezichora moja moja bila kukosea, kwa sababu aliyeagiza picha alizijua zote kwa mikono yake.

Mke asimama kitambo kirefu. Kisha amwambia mumewe, "Wote hawa ndio waliorudi. Waliozama hawakuleta picha."

Mume hana la kujibu. Kweli ndiyo hiyo. Kwa kila picha ukutani, palikuwa na mlango mmoja mjini ambao haukubishwa.

CHAMA CHA KUSAIDIANA

Lakini watu wa Camogli hawakuomba tu na kungoja. Mwaka 1853 wenye merikebu wa mji walifanya jambo la akili sana: walianzisha chama cha bima yao wenyewe. Zamani mwenye merikebu alipopoteza chombo alifilisika, na pengine jamaa zake waliokuwa wameweka fedha humo wakafilisika pamoja naye. Katika chama hicho waliahidiana kuwa hasara ya mmoja itagawanywa kati ya wote. Merikebu ikizama, kila mwanachama hutoa fungu lake, na mwenzao hasimami peke yake.

Sisi vijijini twajua habari hiyo, ijapokuwa hatuna merikebu. Tunavyo vyama vya kuzikana, tunayo mifuko ya jumuiya na vyama vya ushirika. Shina lake ni lile lile: msiba ugawanywapo kwa watu mia, kila mmoja aweza kuubeba. Kwa njia hiyo mji wa wavuvi uliweza kuwa na merikebu kupita miji mingi iliyokuwa mikubwa na tajiri kuliko wao.

WAVU WA MAKUMBI

Jumanne wapata habari iliyo karibu na watu wa pwani yetu. Kati ya Camogli na Punta Chiappa hutegwa mtego mkubwa wa samaki uitwao tonnarella, tangu Aprili hadi Septemba. Ni wavu mrefu unaowazuia samaki wapitao kando ya pwani na kuwaongoza hadi katika chumba cha mwisho, ambako wavuvi huuvuta wavu kwa mikono na kuwapakia chomboni. Kazi hiyo imefanywa hapo kwa karne kadhaa.

Na wavu wenyewe hufumwa kwa nini? Kwa nyuzi za makumbi ya nazi! Minazi haioti Camogli. Nyuzi hutoka nchi za mbali zenye joto. Wazee wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao babu zao walishona mitepe kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, wangefurahi kusikia hayo. Wavuvi wa Camogli wana sababu njema. Nyuzi za makumbi hazina madhara: mwisho wa majira wavu hukatwa na kuachwa uzame, nao huoza na kurudi kuwa chakula cha viumbe vya bahari, na mwaka wa pili hufumwa mwingine. Nyuzi za plastiki zingekaa chini miaka na miaka zikiua samaki bila faida.

Uangalifu huo wa bahari umekuwa sheria. Tangu mwaka 1999 pwani ya rasi ya Portofino, iliyo jirani, imekuwa hifadhi. Chini ya maji hapo kuna majani ya bahari yaotayo kama konde, ambamo samaki huzaa na kukulia. Nanga moja ikiburutwa hung'oa kile kilichochukua miaka mingi kuota. Kwa hiyo vyombo vya wageni hufungwa kwenye maboya yaliyowekwa tayari, na mahali pengine haviruhusiwi kabisa.

Jioni hiyo watembea hadi karibu na makaburi ya mji, yaliyojengwa juu ya jabali linalotazama bahari. Hapo pana huzuni mpya.  Tarehe 22 Februari 2021 jabali, lililotafunwa na mawimbi tangu zamani, liliporomoka na sehemu ya makaburi ikaenda nalo. Majeneza yapatayo 200 yalianguka, mengi yakaingia baharini. Watu wa zimamoto na wenye vyombo walifanya kazi ya kuyakusanya. Fikiri, msomaji: wake na mabaharia waliozeeka, waliookoka na mawimbi yote ya ujana wao, wakapewa pumziko nchi kavu, na bahari ikawafuata hata huko. Watu wa Camogli hawaidharau bahari, wala hawadanganyiki kuwa wamekwisha kuizoea.

MAWIMBI MAREFU

Jumatano asubuhi hakuna upepo. Jua ni zuri, watoto waoga ufukoni, na harufu ya mkate wa moto wenye mafuta ya zeituni yashuka toka vichochoroni. Mume amekwisha kuahidi wenyeji fulani kuwa watakula pamoja usiku samaki wa kukaanga. Katika Camogli hilo si jambo dogo. Tangu mwaka 1952, katika sikukuu ya Mtakatifu Fortunato mwezi wa Mei, hukaanga samaki katika kikaango kimoja kikubwa chenye upana wa meta nne hivi, na kuwagawia watu. Mji kama huo ukikualika kula samaki, si rahisi kukataa.

Lakini mke, akioshea vikombe, aona maji ndani ya beseni yaenda huku na huku polepole, yasimama, yaenda tena. Atoka nje. Mawimbi marefu, laini, bila povu, yanakuja toka kusini-magharibi. Atazama kipimo cha hewa: kimeshuka tangu alfajiri.

"Mume wangu, tuondoke."

"Sasa? Hakuna hata upepo wa kutikisa jani. Na watu wamekwisha kununua samaki. Tuondoke kesho asubuhi."

"Mzee alisema tusingoje upepo."

Mume akunja uso. Yeye ndiye mwenye kujua injini, ndiye asomaye ramani, na kwa miaka mingi kazini watu walimtii. Lakini kabla ya kuanza maisha haya ya baharini waliwekeana kanuni moja: mmoja wao akisema "tuondoke", au "tusiende", basi hakuna mabishano. Neno la mwenye kuona hatari ndilo hushinda, awe nani kati yao. Maana waliona hivi: tukiondoka bure, tumepoteza chakula cha jioni, tukikaa kwa kukosea, tumepoteza chombo, na pengine uhai.

Basi mume aenda pwani kuomba radhi. Wale wenyeji hawakasiriki hata kidogo. Mwanamke wa nyumba hiyo atazama bahari mara moja, afunga vipande vya mkate na samaki katika karatasi, na kumpa: "Msalimie mkeo. Nendeni."

Wang'oa nanga kabla ya saa sita, wapita mbali na wavu wa tonnarella, na kuizunguka rasi. Njiani waiona abasia ya San Fruttuoso, iliyojificha katika kighuba kidogo chini ya mlima, mahali pasipo na barabara, pafikiwapo kwa miguu au kwa chombo tu. Watawa wa Mtakatifu Benedikto walikaa hapo zamani. Mbele yake, chini ya maji, kina cha meta 17 hivi, ipo sanamu ya shaba ya Kristu wa Vilindini, kazi ya Guido Galletti, iliyoteremshwa tarehe 22 Agosti 1954. Ina urefu wa meta mbili na nusu, nayo imeinua mikono miwili juu kuelekea mwanga. Aliyeleta wazo hilo, Duilio Marcante, alikuwa mpiga mbizi aliyetaka wakumbukwe wale waliofia baharini. Mwenzake mmoja alikufa akipiga mbizi huko mwaka 1947. Wanandoa wetu walikuwa wamekusudia kufunga kwenye boya hapo na kupumzika siku nzima. Wasimamisha mazungumzo, wafanya ishara ya msalaba, na kuendelea. Mawimbi yamekwisha kukua.

Alasiri wafika Santa Margherita, upande wa pili wa rasi, ambako mlima wazuia libeccio. Hata huko si salama kila siku. Tarehe 29 Oktoba 2018, katika mji jirani wa Rapallo, tufani ilivunja ukuta wa bandari ya vyombo vya starehe na mamia ya vyombo yakatupwa pwani na kuvunjika. Lakini kwa usiku huu mahali panatosha. Jua litakapotua upepo unaingia kwa nguvu, nao wausikia ukivuma juu ya mlima, wakati wao wala samaki wa Camogli katika karatasi, na kamba zao zimefungwa imara.

NENO KWA NYUMBA ZETU

Wake wa Camogli ya zamani waliachwa pwani. Hawakuulizwa kama hali ya hewa ni njema. Walisubiri tu, na kulea, na kuwasha mishumaa. Tuwaheshimu sana, na tukumbuke kuwa hata leo nyumba nyingi za vijijini mwetu zinaishi vivyo hivyo, baba yuko mjini au mashambani mbali, na mama angoja barua au simu. Ambao kazi imewatenga si wenye kosa. Lakini waliojaliwa kukaa pamoja katika chombo kimoja wanalo jambo la kujifunza kwa wale wawili.

Si kila hatari huja na kelele. Nyingine huanza kama mawimbi marefu yasiyo na povu: deni dogo, kikohozi cha mtoto kisichoisha, rafiki mpya wa kijana wetu, mkataba wa shamba ambao haukusomwa mpaka mwisho. Mara nyingi mmoja nyumbani huliona kabla ya mwingine, na mara nyingi ni yule aliye karibu na beseni la vyombo. Akinyamazishwa kwa kuwa si yeye mwenye usukani, chombo chote chakaa palipo na hatari, na watoto wakiwa ndani yake.

Basi kabla ya kuuza ng'ombe, kabla ya kutia sahihi ya mkopo, mkae chini wote wawili jioni, na kila mmoja amwulize mwenzake: "Wewe umeona nini?" Na akijibu, asikilizwe.